Tani ya nini? Maswali yenu kuhusu vipimo vya hewa ukaa

Tangu biashara ya kaboni ifike vijijini, barua ninazopokea zimebadilika. Zamani wasomaji waliuliza kama kweli tabianchi inabadilika. Siku hizi wanauliza hesabu. Wamepewa karatasi zilizojaa tani, hekta, asilimia na vifupisho, wakaambiwa waweke saini. Nimefundisha upimaji wa misitu kwa miaka mingi, na kinachoniudhi kuliko vyote ni namba kutajwa bila kusemwa ni ya kitu gani, ya eneo gani na ya muda gani. Namba ya namna hiyo inaweza kumtajirisha mmoja na kumpunja mwingine bila mtu yeyote kusema uongo.

Katika majibu yafuatayo, nikisema kaboni ninamaanisha elementi yenyewe, ile iliyomo kwenye mbao, mkaa na udongo. Nikisema hewa ukaa ninamaanisha gesi, yaani kaboni dioksaidi.

Mwalimu, shikamoo. Ninaendesha bodaboda. Nimesoma kwamba lita moja ya petroli inatoa zaidi ya kilo mbili za hewa ukaa, na lita yenyewe haifiki kilo moja. Uzito mwingine unatoka wapi?

Marahaba, kijana wangu. Ulichosoma ni sahihi. Lita ya petroli ina gramu 740 hivi, na ikiungua yote inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Dizeli inatoa karibu kilo 2.7 kwa lita. Uzito wa ziada unatoka kwenye hewa ambayo injini inavuta. Kila atomu ya kaboni, ambayo uzito wake ni 12, inakamata atomu mbili za oksijeni zenye uzito wa 16 kila moja, na jumla inakuwa 44. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wa hewa ukaa ni oksijeni.

Kwa pikipiki yako, tani moja ya hewa ukaa ni lita 430 hivi za petroli. Anayechoma lita tatu kila siku anaifikisha kabla ya miezi mitano kuisha. Ukitaka kuiona tani hiyo kwa macho, fikiria chumba chenye urefu, upana na kimo cha mita 8.2, katika joto la nyuzi 25. Gesi hiyo ingekijaza chumba chote, mita za ujazo 556.

Kuna taarifa inasema ardhi oevu za Kongo zimehifadhi tani bilioni 30, nyingine inasema zaidi ya bilioni 100. Nani mkweli?

Wote wawili, na hapa ndipo ninapomwomba kila msomaji asimame kidogo.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya Cuvette Centrale, bonde la kati la Mto Kongo linalogawanywa na nchi mbili za Kongo. Chini ya misitu ya kinamasi ya huko kuna peti, yaani mabaki ya mimea ambayo yamelundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza yakaisha. Walikadiria kilomita za mraba 145,500 zenye tani bilioni 30.6. Mwaka 2022, baada ya vipimo zaidi upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makadirio yakawa kilomita za mraba 167,600 na tani bilioni 29. Hizo zote ni tani za kaboni.

Kuipata hewa ukaa unazidisha kwa 44 na kugawanya kwa 12, yaani unazidisha kwa 3.67. Tani bilioni 29 za kaboni zinakuwa tani bilioni 106 za hewa ukaa. Ni peti ileile.

Sasa angalia kosa linavyozaliwa. Dunia nzima, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi na kwa kutengeneza saruji, inatoa karibu tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka. Mtu akichukua ile 29 akailinganisha na 37, atasema peti yote ya Kongo haifikii hata uchafuzi wa mwaka mmoja. Ukweli ni karibu miaka mitatu. Nimeisikia hesabu hiyo mbovu ikisomwa kwenye semina mbele ya viongozi, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Kwenye mkataba, kosa hilohilo linaumiza zaidi. Soko la kaboni linauza tani za hewa ukaa. Msitu wenu ukipimwa ukaonekana umeongeza tani 100 za kaboni, cha kuuza ni tani 367. Bei ya soko ikizidishwa kwa ile 100, kijiji kimepoteza karibu robo tatu ya haki yake, na kwenye karatasi kila kitu kitaonekana kiko sawa.

Mimi ni mfugaji. Tunaambiwa ng'ombe wetu wanachafua hewa. Ng'ombe hatoi moshi, anapimwaje kwa tani za hewa ukaa?

Ng'ombe anacheua, na tumboni mwake vijidudu vinavyosaga majani vinatengeneza methani, gesi anayoitoa zaidi kwa mdomo. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, katika mwongozo wake wa mwaka 2006 liliweka kadirio la kilo 31 za methani kwa mwaka kwa ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa. Ni kadirio la kuanzia tu, kwa nchi ambayo haijapima ng'ombe wake yenyewe.

Kilo ya methani inapasha joto zaidi kuliko kilo ya hewa ukaa. Ili gesi zote ziingie kwenye jedwali moja, kila gesi inapewa kizidishio, na jibu linaandikwa kama tani sawa na hewa ukaa, kwa kifupi tCO2e. Kizidishio cha methani kinachotumika katika ripoti za Mkataba wa Paris ni 28. Kwa hiyo 31 mara 28 ni kilo 868 sawa na hewa ukaa, kwa ng'ombe mmoja kwa mwaka.

Hiyo 28 inahitaji maelezo, kwa sababu si sheria ya maumbile kama ile 44 kwa 12. Methani haikai sana angani. Nyingi inatoweka baada ya muongo mmoja hivi, wakati sehemu ya hewa ukaa inabaki kwa karne nyingi. Wanasayansi walilazimika kuchagua watapima joto lake kwa muda gani, wakachagua miaka 100. Ukipima kwa miaka 20, methani bado ina nguvu zake, na kizidishio kinapanda hadi karibu 80. Ng'ombe yuleyule anatoka kilo 868 anafika karibu tani mbili na nusu. Hajala jani la ziada.

Vizidishio hivi pia hurekebishwa kadiri sayansi inavyokua. Ripoti za miaka ya 1990 zilitumia 21 kwa methani, zikafuata zenye 25, kisha 28. Ripoti ya sita ya IPCC imeweka 27 kwa methani ya mifugo na mashamba, na 29.8 kwa inayotoka kwenye visima vya mafuta, gesi na migodi. Kwa hiyo ukilinganisha ripoti ya zamani ya nchi na ya sasa, angalia kwanza kizidishio. Unaweza kudhani mifugo imeongezeka theluthi nzima kumbe kilichobadilika ni jedwali la nyuma ya kitabu.

Naitrasi oksaidi, gesi inayotoka kwenye mashamba yenye mbolea ya chumvichumvi na kwenye samadi, kizidishio chake ni 265 kwa hesabu za Paris. Kilo chache zake si za kupuuzwa.

Hekta ni ekari ngapi?

Mbili na nusu kasoro kidogo: 2.47. Namba yoyote ya "tani kwa hekta" igawanye kwa 2.47 upate tani kwa ekari. Na kama karatasi imetoka Marekani, uliza tani yenyewe ni ipi, kwa sababu wao wana tani yao ya kilo 907.

Vijana wa mradi walikuja shambani kwangu na futi, wakaizungushia miti, wakaandika, wakaondoka. Wanajuaje uzito wa mti bila kuukata?

Kuna miti mingine iliyokatwa kwa niaba ya wako. Watafiti waliipima ikiwa imesimama, wakaiangusha, wakapima shina na matawi, wakachukua vipande wakavikausha kwenye oveni mpaka uzito usishuke tena. Kutokana na mamia na maelfu ya miti ya namna hiyo wakatengeneza mlinganyo. Unaotumika sana katika nchi za tropiki ulichapishwa mwaka 2014 na Jérôme Chave na wenzake. Unahitaji vitu vitatu: kipenyo kwa sentimita, kimo kwa mita, na msongamano wa mbao kwa gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Unazidisha msongamano kwa kimo, kisha kwa kipenyo mara mbili. Jibu unalipandisha kwa kipeo cha 0.976, halafu unazidisha kwa 0.0673. Unapata kilo za mti mkavu, sehemu ya juu ya ardhi.

Twende na mti mmoja wa miombo. Futi inazungushwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kama ardhi imeinama, unasimama upande wa juu wa mteremko. Futi inasoma sentimita 94. Huo ni mzingo, si kipenyo. Gawanya kwa 3.14 upate 30. Kimo ni mita 15, msongamano 0.6. Mlinganyo unatoa kilo 440 hivi. Katika mti mkavu, kaboni ni takriban asilimia 47, kwa hiyo kilo 207. Zidisha kwa 3.67, unapata karibu kilo 760 za hewa ukaa. Mizizi inaongezwa kando kwa uwiano wake.

Angalia sasa makosa yanapoingilia. Mtu akiandika ile 94 kwenye safu ya kipenyo, mti wako wa kilo 440 utakuwa na tani nne, mara tisa ya ukweli. Hatari hii ni ya kweli, kwa sababu kuna futi za misitu zilizochorwa zisome kipenyo moja kwa moja na za kawaida zinazosoma mzingo, na mara nyingine zote ziko kwenye mkoba mmoja. Kosa la pili ni kupima gogo bichi kwenye mizani na kuliita kavu. Mti mbichi unaweza kuwa nusu yake ni maji, na maji hayana kaboni. La tatu ni dogo: ripoti za zamani hutumia asilimia 50 badala ya 47.

Waulize pia wanatumia mlinganyo gani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, wametengeneza milinganyo ya miombo, mikoko na aina nyingine za misitu ya Tanzania kutokana na miti iliyokatwa hapahapa nchini. Mradi unaofanya kazi Tanzania na kuiacha milinganyo hiyo unapaswa kueleza kwa nini.

Sisi wa Kwale tunaambiwa mikoko inahifadhi kaboni nyingi kuliko misitu ya bara. Mbona basi Gazi wanauza takriban tani 3,000 tu kwa mwaka?

Kwa sababu kilichohifadhiwa ni kitu kimoja na kinachouzwa ni kingine.

Utajiri wa mikoko uko kwenye tope. Kadirio la IPCC la mwaka 2013 ni tani 386 za kaboni kwa hekta katika mita moja ya juu ya udongo, kabla hujagusa mti wenyewe. Hizo ni zaidi ya tani 1,400 za hewa ukaa kwa hekta. Udongo unapimwa kwa njia rahisi kuliko watu wanavyodhani: unazidisha asilimia ya kaboni, msongamano wa udongo mkavu na kina kwa sentimita, na jibu linatoka moja kwa moja kwa tani kwa hekta. Udongo wa shamba wenye kaboni asilimia 1.5, msongamano wa 1.3, kina cha sentimita 30, una tani 58.5 za kaboni. Uliza kina kila mara. Anayepima sentimita 30 na anayepima mita moja wanaleta majibu tofauti kabisa kutoka shimo lilelile.

Lakini mnunuzi hanunui kilichokuwepo siku zote. Ananunua tofauti: kile kilichoongezeka, au kile ambacho kingepotea kama mradi usingekuwepo. Ni kama ng'ombe wa maziwa. Uzito wake mwenyewe hausemi unauza lita ngapi sokoni. Mikoko Pamoja, mradi wa Gazi na Makongeni, una hekta 117, na hesabu yake inatokana na mikoko iliyolindwa isikatwe pamoja na iliyopandwa upya. Ukigawanya 3,000 kwa 117 unapata tani 25 na ushee kwa hekta kwa mwaka. Hiyo ni mazao ya mwaka mmoja, nayo imechangia maji na elimu katika vijiji hivyo. Mtu akikuonyesha namba ya hifadhi nzima na kukuahidi malipo ya namba hiyo, hajaelewa au hataki uelewe.

Gunia la mkaa likiisha, nimetoa hewa ukaa kiasi gani? Na jiko banifu linapunguza kweli?

Anza na mizani, maana gunia si kipimo. Kuna la kawaida na kuna lumbesa. Tuseme lako lina kilo 50. Kwa makadirio ya IPCC, kilo ya mkaa ikiungua inatoa kilo 3.3 hivi za hewa ukaa, kwa hiyo gunia lako ni kilo 165.

Lakini jikoni kwako ni mwisho wa safari. Tanuru la udongo likitoa kilo 15 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu, gunia hilo lilihitaji kilo 333 za kuni. Kaboni ya kuni hizo ikihesabiwa yote kama hewa ukaa ni kilo 574. Kwa hiyo karibu kilo 400 ziliondoka msituni kabla gunia halijapanda lori, na baadhi ziliondoka kama methani, ambayo ni mbaya zaidi. Ndiyo maana ninaamini mchoma mkaa mwenye tanuru bora anastahili kutazamwa kabla ya mpishi. Mzigo wote umewekwa kwa akina mama na majiko yao, na hesabu hazisemi hivyo.

Kuhusu jiko banifu: linapunguza mkaa, moshi na gharama, na ningemshauri mtu yeyote awe nalo. Tani zinazouzwa kwa jina lake ni suala jingine. Hesabu inategemea kuni zilizotoka kwenye miti isiyoota tena ni sehemu gani ya kuni zote, maana mti unaochipua upya unairudisha hewa ukaa yake. Ukiikuza sehemu hiyo, tani zinafura. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Sustainability uliona kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa ilipewa hati karibu mara tisa ya tani zilizookolewa kweli.

Niko Goma. Wanasema Ziwa Kivu lina kilomita za ujazo 60 za methani. Ni tani ngapi, na kuichoma si kuchafua zaidi?

Gesi ikitajwa kwa ujazo, uliza joto na mgandamizo. Kilomita hizo 60 ni za gesi kama ingekuwa huku juu, kwenye nyuzi sifuri na mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kule chini imeyeyuka majini, imebanwa. Mita ya ujazo ya methani katika hali hiyo ina kilo 0.72 hivi, kwa hiyo ziwa lina tani milioni 43. Pamoja nayo kuna kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa, karibu tani milioni 590.

Tani moja ya methani ikiungua inatoa tani 2.75 za hewa ukaa, kwa kuwa 16 inakuwa 44. Tani hiyohiyo ikitoka ziwani bila kuungua inahesabiwa 28. Kwa hiyo kuichoma kunapunguza madhara yake hadi karibu sehemu moja ya kumi, na juu yake unapata umeme. Kituo cha KivuWatt upande wa Rwanda kinazalisha megawati 26 kwa njia hiyo tangu mwaka 2016. Na kwa ninyi mnaoishi ufukweni, kuipunguza gesi hiyo kwa uangalifu kuna maana kubwa kwa usalama wenu kuliko hesabu yoyote ya kaboni.

Redioni wanataja "sehemu 420 kwa milioni". Zinahusianaje na tani?

Ni molekuli za hewa ukaa katika kila molekuli milioni za hewa kavu. Kabla ya viwanda zilikuwa karibu 280. Vipimo vya kila siku vilianza Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zikiwa karibu 315, na sasa zimepita 420. Sehemu moja kwa milioni ni tani bilioni 7.8 za hewa ukaa. Tani bilioni 37 za kila mwaka zingepandisha karibu tano, lakini zinapanda mbili na nusu hivi. Kinachobaki kinamezwa na bahari, misitu na udongo.

Ripoti ya serikali imeandika Gg. Ya watafiti imeandika Pg. Ni nini?

Gigagramu ni tani elfu moja. Teragramu ni tani milioni. Petagramu ni tani bilioni, ileile inayoitwa gigatani.

Na tahadhari kwa wasomaji wa Burundi na Kongo: ripoti za Kifaransa huandika desimali kwa mkato. 1,415 ya Bujumbura ni moja na nukta. 1,415 ya Nairobi ni elfu moja na mia nne na ushee. Nimeona majedwali yakinakiliwa bila mtu kugundua.

Mimi ni mwenyekiti wa kijiji. Tumeletewa mkataba unaosema msitu wetu una "tani 200,000 za kaboni" na tutapata asilimia 60. Nimwulize nini mwekezaji?

Mwulize hizo 200,000 ni za kaboni au za hewa ukaa. Kama ni kaboni, ni tani 733,000 za hewa ukaa, na lazima iandikwe hivyo. Mwulize ni akiba iliyopo msituni au ni kiasi kitakachouzwa kwa mwaka, na kama ni cha kuuza, alikisia vipi kwamba msitu ungekatwa bila mradi. Mwulize ni tani ngapi zitawekwa pembeni kama bima ya moto na ukataji, maana hizo haziuzwi. Kisha asilimia 60 ya nini: ya mauzo yote, au ya kinachobaki baada ya kulipa wapimaji, wakaguzi na mawakala? Kati ya hizo mbili kunaweza kupita tofauti ya darasa zima la shule.

Ombeni data za miti yenyewe: kila kipande cha sampuli, kipenyo na kimo, siyo jumla peke yake. Mwalimu wa hesabu wa sekondari yenu anaweza kurudia mti mmoja kwa kikokotoo kama nilivyofanya hapo juu. Kanuni za biashara ya kaboni za Tanzania ni za mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko SUA, Morogoro. Pelekeni nakala ya mkataba huko kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, na katika mkutano wenyewe ziandikwe ubaoni namba tatu: hekta, tani za hewa ukaa kwa mwaka, na shilingi kwa tani.